Mfadhili wa Baiskeli za Mikono

Jumatano, 27 Agosti 2025
Kosa la watu wengi wanaomtafutia mtoto mlemavu punguzo: wanampeleka mtoto mwenyewe. Mtoto hajui kueleza! Aende mzee aliyesoma. Yaani mimi.

Miguu ya mjukuu wangu Bénie haimbebi. Binti yangu Madeleine amembeba mgongoni hadi shuleni miaka yote. Sasa mgongo umekataa. Kituo kimoja hapa Kikula kinauzia familia kama yetu baiskeli za kuendesha kwa mikono, nusu bei. Kinafunga keshokutwa. Jumatatu shule inafunguliwa. Bila baiskeli, Bénie anabaki nyumbani.

Nimepiga suti pasi. Jirani yangu Mama Fatu anauliza kama naenda kuoa.

Alhamisi, 28 Agosti
Balaa! Watu wa kituo walipoona suti, tai na mkoba, wakasimama wote. Kiti cha mbele! Fanta baridi! Walinidhania mfadhili. Nilitaka kuwasahihisha, lakini wakaniomba neno. Nani hukataa kuombwa neno? Nikaeleza historia ya gurudumu. Mchungaji anayesimamia kituo akaniwekea mikono. Kufikia amina, nilikuwa nimeahidi baiskeli mbili.

Nimetoka mikono mitupu. Mama Fatu, aliyepanga foleni na mjukuu wake Idriss mgongoni, ametoka na baiskeli. Akanipigia kelele barabarani: "Papa mufadhili! Na ya Bénie utaileta lini?"

Nikanyoosha tai, nikapita. Wivu wake tu.

Ijumaa, 29 Agosti
Mpango mpya: shati lililochanika, fimbo, kuchechemea. Madeleine aliomba niende na Bénie. Nikakataa, asiniharibie.

Eddy wa mlangoni pa kituo alinihurumia, akanipitisha mbele ya foleni. Ushindi! Kisha akaanza kunipima mikono. MIMI! Nikaeleza kwamba ni ya mjukuu. Mchungaji akageuka, akauliza kama huyu si yule mfadhili wa jana. Foleni nzima ikacheka.

Wakaniambia mtoto lazima aje, maana baiskeli hupimwa kwa mikono yake. Tena ya kitoto imebaki moja.

Nikakimbia nyumbani, fimbo kwapani. Nyumba tupu! Mama Fatu na Madeleine walikwisha kumpeleka Bénie kwa baiskeli ya Idriss, kwa njia ya sokoni. Nimekutana nao wakirudi. Baiskeli mbili. Bénie mbele, anacheka.

Jumatatu, 1 Septemba
Bénie amekwenda shuleni mwenyewe. Nilimfuata mbio nikimweleza namna ya kukata kona. Akanipazia sauti mimi babu yake: "Kambo, weye bakia na maelezo, miye nachelewa!" Vumbi tu. Madeleine alilia mlangoni. Mimi nilikohoa.

Ni wazi kwamba hotuba yangu ya Alhamisi iliwalainisha. Mama Fatu anabisha. Hajui diplomasia.

Jioni hii amekuja Blandine wa nyumba ya pili, ambaye mwanawe hasikii. Anauliza apate vipi punguzo la ada ya shule. Nimemjibu kwa ufupi, kwa nusu saa: kesho, mwache mtoto nyumbani, nitume mimi.