Kiwiko Changu Hakijasonga Bugali

Masisi, tarehe 9 mwezi wa sita 1954

Kwako Bwana Munganga Mukubwa wa Teritware yote ya Masisi,

Nakusalimu kwa heshima yote, wewe na Madamu na wote wenye kutumika chini yako, isipokuwa mumoja. Huyo mumoja njo sababu ya barua hii. Jina lake ni Evode, infirmye, muuguzi wa dispansere yetu ya kilimani. Mimi ni Straton, mulimaji wa maharagi na muhogo, Mukristu, baba ya watoto sita, na muntu ambaye hajapata kuingia jikoni isipokuwa siku ile paa lilipowaka moto.

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, juu yamekuwa mengi.

1. Kiwiko changu cha kuume kinauma tangu mwezi wa ine. Kinauma upande wa inje, pale kafupa kanapojitokeza. Nikiinua kikombe, kinauma. Nikimupa Padri mukono, machozi yanatoka, naye Padri anafikiri nimetubu.

2. Nilienda kwa Evode kutafuta dawa, yeye akanipa masomo. Ukutani ametundika picha ya mukono usio na ngozi, akaanza kunionyesha kwa kijiti. Eti kiwiko iko na mifupa tatu yenye kukutana. Mumoja unashuka toka begani. Wa pili, wa upande wa kidole kidogo, njo unafanya ncha ya kiwiko, na unafungua na kufunga mukono kama mulango. Wa tatu, wa upande wa kidole gumba, unajizungusha kila unapogeuza kiganja. Sikubishana naye. Mifupa ni kazi ya Mungu, tena mbuzi nimechinja nyingi.

3. Kisha akanishika. Akabonyeza ncha ya kiwiko, haikuuma. Akabonyeza upande wa ndani, haikuuma. Akagonga katikati ya hapo, kule nyuma, moto ukakimbia mpaka kwenye kidole kidogo, akasema hiyo si kitu, ni mushipa unapita hapo kwa kila muntu. Ndipo akabonyeza upande wa inje. Bwana Munganga, nilimuita mama yangu, ambaye ni marehemu, mbele ya wanawake kumi na mbili waliokuja kupimisha watoto. Haikumutosha. Akaniambia nikunje ngumi, kiganja kiangalie chini, niinue mukono huku yeye anaukandamiza. Nikamuita mama tena.

4. Hapa njo kosa lake linaanza. Alisema ugonjwa huu ni wa misuli yenye kuinua kiganja. Imechoka pale inapojishikiza kwenye kale kafupa. Eti unawapata watu wenye kushika muti kwa nguvu na kuzungusha, kuzungusha, kuzungusha, kila siku. Nikasema ni jembe. Akasema jembe halizungushwi. Nikasema ni kupasua kuni. Akauliza nilipasua lini mara ya mwisho, nikaona hilo swali halina adabu. Nikasema basi ni kukamua ng'ombe. Akauliza ng'ombe gani. Nikaangalia kofia yangu, juu ng'ombe bado hazijafika, kama utakavyosoma mbele. Ndipo akaniuliza, na sauti yake ni kubwa:

"Papa Straton, pale kwenu bugali inasongwa na nani?"

5. Hilo ni swali la kumuuliza mwanaume? Nikajibu kwamba inasongwa na muke wangu Verdiane. Evode akafanya jambo ambalo serikali haiwezi kukubali: akachukua mugonjwa mumoja akamutumia kumushtaki mwingine. Akasema Verdiane ni yeye mwenyewe alimufunga mukono mwezi wa tatu, alipoteleza katika shamba la maharagi kiwiko kikatoka mahali pake. Yeye Evode njo alikirudisha, na mpaka leo mukono haujanyooka. Ni kweli, sikatai. Lakini Verdiane ana mukono mwingine! Muntu anaweza kusonga bugali ya watu nane kwa mukono mumoja, kama ana moyo. Wale wanawake kumi na mbili walicheka mpaka watoto waliolala wakaamka.

6. Akaandika kwenye fishi yangu, ile karatasi ya mugonjwa, kwa wino usiofutika: "Kiwiko cha bugali." Dawa aliyonipa ni kitambaa cha maji ya moto, na kupumuzika. Akaongeza kwamba kama siwezi kupumuzika, basi nishike muiko kiganja kikiangalia juu, hapo ule musuli hautaumia sana. Muiko! Nilivaa kofia yangu nikatoka.

7. Sasa nisikilize vizuri, Bwana Munganga, juu hapa sichekeshi. Nina binti anaitwa Libérata. Kijana wa muzee Nzabandora, wa upande wa Sake, amemuomba, na tumepatana vizuri. Nzabandora alikuwa alete ng'ombe siku ya Mungu iliyopita. Hakuja. Wale wanawake kumi na mbili wana midomo kumi na mbili, na habari ilifika Sake mbele ya gari la posta. Nzabandora ametuma neno kwamba atakuja kwanza kuona mwenyewe ni nyumba ya namna gani. Libérata halii, na hiyo njo inaniogopesha. Anakaa tu mulangoni anaangalia njia. Nikipita, ananiuliza kama kiwiko kimepona, na kwa sauti yake najua haulizi kiwiko. Mutoto yule nampenda sana. Sitaki aachwe juu ya kafupa.

8. Kwa kuwa mimi ni muntu wa amani, nilirudi kwa Evode nikamuomba tubadilishe ugonjwa. Kwenye ile picha yake kuna kamufuko nyuma ya ncha ya kiwiko, kenye kuvimba maji kwa wale wanaoegemea meza siku nzima. Huo ni ugonjwa wa makarani. Ni ugonjwa wa heshima, hata mukwe anaweza kusomewa. Akakataa, eti sina uvimbe. Vizuri. Nikaenda kuutafuta uvimbe. Siku ine nzima nimeegemea kiwiko juu ya jiwe mbele ya nyumba, nikisalimia wapita njia kama muntu anayengoja barua za kusaini. Kimevimba kweli! Sasa nina magonjwa mbili, naye Evode amekataa kufuta ule wa kwanza.

9. Kwa hiyo naomba haya. Fishi yangu ichomwe. Picha ya ukutani itengenezwe upya bila kale kafupa ka inje, juu kanasingizia watu. Na Evode ahamishwe mpaka Omate, kule Walikale, kwenye wachimba mawe, ambako muntu akisema mukono unauma hakuna wa kumuuliza habari za jikoni.

10. Hili nimelibakiza la mwisho, juu linamumaliza kabisa. Evode mwenyewe alijitetea kwamba siko peke yangu. Eti tangu Pasaka amepokea wanaume tisa wenye kiwiko kama changu, na mumoja wao anatembea toka mbali ili asijulikane kwao. Nikamuuliza majina, akasema majina ni siri ya dispansere. Angalia uongo huo! Wanaume tisa wasonge bugali katika vilima hivi, mbele ya majirani wenye macho, na hakuna aliyewaona? Haiwezekani. Hata mimi hakuna aliyeniona.

Nangoja jibu lako kwa unyenyekevu. Unisalimie Madamu, na mupishi wenu, ambaye nasikia ni mwanaume na analipwa kwa kazi hiyo, na watu wanamuheshimu. Mungu akulinde, pamoja na viwiko vyako.

Mimi mutumishi wako mwenye kuumia,
Straton

N.B. Bwana Munganga, barua nilikuwa nimeifunga, nimeifungua tena. Leo Nzabandora amefika. Hakuita kwenye mulango wa mbele, alipitia nyuma. Akanikuta jikoni, muiko mukononi, jasho usoni, Verdiane ameketi na mukono wake umefungwa shingoni ananiambia niongeze nguvu. Nilitaka aridhi inimeze. Nilimufikiria Libérata, nikaendelea kuzungusha tu. Nzabandora alisogea akaangalia ndani ya chungu.

"Iko na madonge," akasema.

Halafu akaupokea muiko, akaushika kiganja kikiangalia juu, vile vile Evode anavyofundisha, akaanza kuzungusha bila kuumia. Harusi ni mwezi wa munane. Malalamiko yote uyatupe, toka namba moja mpaka kumi. Evode asiguswe. Ila kama una dawa ya kupaka kiwiko, umutumie Evode chupa kumi, na ya kwangu isiandikwe jina.