Wakimbizi 214 Wasio na Kosa

Kwa niaba ya Kitengo cha Usanifishaji wa Maelezo, Kagunga mpakani, nina furaha kutangaza kwamba mwaka ule wa wakimbizi hakuna mtu hata mmoja aliyevuka mpaka akiwa na kosa. Niliwasafisha wote mwenyewe, kwa kalamu hii.

Walifika wakisema hovyo. Huyu kagombana na shemeji njiani, yule kaiba mtumbwi. Jamani, maelezo gani hayo ya kupeleka kwa wakubwa? Nikatunga sentensi moja safi ya kumtosha kila mtu: "Nilisafiri na familia yangu kwa umoja, utulivu na shukrani."

Siku moja akaketi mbele yangu Verediana, mama kutoka Burundi, kapakata sufuria. Mumewe, Leonardi, alikuwa keshafika Kigoma mjini. Ili apande meli kumfuata, maelezo yao yalipaswa kulingana.

"Tulikuwa tunakimbia, mukubwa. Nikakumbuka maharage yangu yako motoni, nikarudi. Leonardi akaniita mupumbavu. Nikamwambia, 'Enda zako, mwoga we!' Yoo, akaenda kweli."

Nikaandika: umoja, utulivu na shukrani.

"Lakini sikusema hivyo!"

"Mama, nakusitiri."

Maharage yale ilibidi yakaguliwe. Nilisimamia zoezi hilo mwenyewe, kwa kijiko, mpaka chini ya sufuria.

Wiki iliyofuata akaja Mkaguzi, Bi Rozalia, mtu asiyecheka. Alishika maelezo ya Leonardi, yaliyochukuliwa mjini na karani mmoja mvivu anayeandika watu wanavyosema: "Mke wangu mkaidi. Alifuata maharage kwenye risasi. Mimi mwoga, nilimwacha. Nitafutieni."

"Mke huyu kwenye faili zako hayupo," alisema Bi Rozalia. "Hapa yupo mkimbizi mmoja tu, kajiandikisha mara mia mbili na kumi na nne." Akaagiza kambi nzima ipewe unga wa mtu mmoja. Kisha akanigeukia. "Nawe andika ulivyofanya kazi."

Nikaandika upesi: kwa umoja, utulivu na shukrani.

Alisoma, akavua miwani. "Kumbe yule mkimbizi mmoja ndiye huyu! Mpelekeni foleni."

Nilisimama juani nyuma ya Verediana. Nilitoa kitambulisho, askari wakasema hata hicho kisafi mno. Niliogopa, sifichi.

"Mama," nikanong'ona, "waambie unanijua."

Verediana akapaza sauti. "Bi mukubwa! Huyu si mwenzetu. Huyu alikula maharage yangu, akalamba na mwiko. Halafu akafuta kosa langu, nikakosa mume!"

Bi Rozalia alinitazama. "Ni kweli?"

Sisi watu wa Ujiji hatugusi chakula cha mtu kabla hajasema karibu. Mama yangu angenisikia angejifunika kanga usoni.

"Ni kweli," nikasema. "Na neno 'karibu' hakuniambia."

"Sasa wewe ni mtu," alisema Bi Rozalia, akafungua faili jipya. "Mama, sema tena. Huyu ataandika neno kwa neno."

Niliandika yote, mpaka "mwoga we". Verediana akapanda meli jioni ileile, sufuria tupu kichwani. Wale wengine wakarudi mezani kwangu mmoja mmoja na makosa yao, na kila kosa lililoandikwa likapata unga wake.

Mimi nimerudishwa kazini. Faili langu la utumishi lina kurasa arobaini za sifa, nilizoziandika mwenyewe. Wakubwa wanaamini sentensi moja tu: "Alikula maharage ya mkimbizi bila kukaribishwa."