Maneno Kumi na Mawili Yasiyo na Hadhi

Idara ina furaha kuutangazia umma kwamba kiinua mgongo cha wafanyakazi wote, Mkurugenzi akiwemo, kimepatikana. Uvumi wa mitaani kwamba kilipotea hauna msingi. Kilikuwa hakionekani tu.

Tulikigeuza sarafu za kidijitali, tukazitia kwenye pochi, na pochi tukaiweka kwenye seva ya kupanga, yaani kompyuta ya mtu mwingine, huko mbali, tusiyoijua hata sura. Kwa usalama zaidi, tukaweka askari mlangoni mwa ofisi yetu.

Mashine ikatupa maneno kumi na mawili ya kufufulia pochi endapo seva itakufa. Mkurugenzi akayasoma, akafura.

“Mbuzi? Kiroboto? Kupe? Hii ni ofisi au zizi?”

Ikaundwa Kamati ya Kuyapa Maneno Hadhi, katibu mimi. Kila chumba kikapewa neno moja la kusafisha, kwa mpangilio, changu kikiwa cha mwisho. Mbuzi akawa Uongozi. Kiroboto akawa Uwajibikaji. Kupe, kwa jasho langu mwenyewe, akawa Mshikamano. Yale ya awali tukayachoma moto kwa mujibu wa taratibu.

Kodi ya seva ikachelewa. Mwenye seva akafuta kila kitu wakati barua yetu ya kumsihi ikisubiri mhuri. Mkurugenzi, ambaye alikuwa anastaafu wiki hiyo, akaingiza maneno yetu mapya. Mashine ikakataa. Akayaingiza kwa herufi kubwa. Ikakataa vilevile.

“Nani anayakumbuka ya zamani?”

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini kwetu asiyekuwepo jina lake lipo: tangu siku ya kugawiwa maneno, kila chumba kilikuwa kikimwita Mkurugenzi kwa neno lake la zamani.

“Mheshimiwa,” nikamshauri, “pita chumba kwa chumba, uulize wanakuitaje.”

Akaanza kwa mhasibu, kalamu mkononi.

“Mama, mnaniitaje nikiwa sipo?”

“Sisi? Mheshimiwa tu.”

“Nakuomba, mama. Hata kiinua mgongo chako kimo humo.”

Mhasibu akafuta miwani. “Mbuzi.”

“Mbuzi fulani, au mbuzi tu?”

“Mbuzi tu, Mheshimiwa.”

Chumba cha tano hawakungoja hata aulize.

Alipofika kwangu alikuwa amelowa jasho. Miaka yote mimi ni mtu wa “ndiyo, Mheshimiwa”. Nikasimama wima, nikafunga kifungo cha koti, na sikumbuki furaha kama ile tangu nioe.

“Shikamoo, Kupe.”

“Marahaba,” akajibu, huku akiandika.

Pochi ikafunguka.