Wasomaji Kumi na Wawili wa Lyle Novotny

Serikali ya Mji wa Harlan Ford, Ohio, ina furaha isiyo na kifani kuutangazia umma kwamba imeunda Tume ya Maoni ya Wasomaji. Tume ina kazi moja tu: kuthibitisha kisheria kwamba wasomaji wamekipenda kitabu cha maisha ya Lyle Novotny, nyota wa besiboli, yule ambaye gongo lake lilipasuka mbele ya watu elfu tisa likamwaga vizibo vya chupa vilivyosagwa, ujanja uliokatazwa wa kulifanya gongo liwe jepesi. Alifungiwa kucheza maisha. Wasomaji wakikipenda, Jumamosi jina lake litarudi langoni mwa uwanja.

Katibu wa Tume alikuwa Orval Stubbs. Meya Thurman Bickel, ambaye zamani alikuwa mtunza vifaa wa timu ya Lyle na hachoki kuwakumbusha wapiga kura, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Orval, nataka wasomaji kumi na wawili, kama baraza la wazee wa mahakama. Kila mmoja nyota tano. Ukishindwa, Jumatatu unahamia idara ya kukamata mbwa."

Orval aliwaogopa mbwa hata wa kwenye picha.

"Na wasiwe na upande," Meya akaongeza. "Si unajua mahakamani? Anayeijua kesi anarudishwa nyumbani."

Siku hiyohiyo Orval akatunga Kanuni ya Nne: aliyekwisha kukisoma kitabu ana upande, kwa hiyo maoni yake hayapokelewi.

Usaili ulifanyika maktabani. Wa kwanza alikuwa fundi bomba, Gus Wendt.

"Umekisoma?"

"Mimi? Mara ya mwisho nilisoma maelezo ya mashine ya kukata nyasi. Nayo sikumaliza."

"Safi kabisa. Maoni yako?"

"Kitabu kizito. Nimelia."

"Ulilia ukurasa gani?"

"Usinitege, bwana. Andika nyota tano, nina choo cha watu kinanisubiri."

Kisha akaja mkutubi, Bi Corinne Ashby, na kitabu kilichojaa vikaratasi vya alama.

"Mimi nimekisoma mara mbili, Orval."

"Pole sana, mama. Ingekuwa mara moja, labda tungezungumza."

"Basi sikiliza ukurasa wa mia mbili na kumi na nne tu."

Orval akaziba masikio. "Unataka kuniponza? Nikisikia hata mstari mmoja, na mimi nimechafuka!"

"Kwa hiyo mnapiga muhuri gizani."

"Tunapiga muhuri kwa haki, mama. Anayefuata!"

Alhamisi wakatimia kumi na wawili. Hati ikaandikwa: "Tumeridhika bila shaka yoyote kwamba kila neno la kitabu hiki ni kweli." Meya akatia sahihi, akagonga muhuri mara mbili kwa furaha.

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu walikula soseji huku Meya akiisoma hati kwa sauti ya kutikisa mabati. Waliposhangilia, akanogewa.

"Hebu mmoja atusomee kipande!"

Wasomaji kumi na wawili wakaangalia viatu vyao. Hakuna aliyekuwa na kitabu. Bi Corinne akapanda jukwaani na chake, akakifungua.

"'Magongo yangu yalitobolewa kwa keekee katika chumba cha vifaa. Aliyeyatoboa na kuyajaza vizibo ni Thurman Bickel. Mimi nikafungiwa. Yeye akagombea udiwani.'"

Hata watafuna soseji waliacha kutafuna.

"Uongo!" Meya alifoka. "Orval! Andika kwamba napinga!"

Orval akafungua daftari la Tume. Aliwawazia mbwa, mmoja mmoja, na meno yao. Kisha akaona wasomaji wake wote wanamtazama, na Gus amesimama juu ya kiti.

"Mheshimiwa, hicho kipande umekisikia?"

"Kwa masikio yangu mwenyewe!"

"Basi una upande. Maoni yako hayapokelewi."

"Jumatatu utalala na mbwa, mpumbavu wewe!"

"Sawa, mheshimiwa. Lakini leo ni Jumamosi, bado mimi ndiye katibu."

"Bickel!" Gus akapaza sauti. "Hiyo keekee bado unayo? Nina bomba la kutoboa!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mechi ilikuwa haijaanza, hakuna hata mpira mmoja uliorushwa. Hata hivyo mzee anayetunza ubao wa matokeo alipanda ngazi yake taratibu, akatundika namba moja kwenye safu inayohesabu makosa ya timu ya nyumbani.