Tarehe ya Kustaafu Imesogea Tena

Jumatatu, 6 Januari

Baridi kali hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani. Ndani ya nyumba pumzi inaonekana, na ndivyo ninavyotaka, maana joto ni anasa. Siku themanini na nne tu tustaafu, mimi na mke wangu Renae! Mimi nina miaka arobaini na miwili, yeye arobaini. Miaka tisa tumejinyima kila kitu ili tuache kazi mapema. Renae husafisha meno ya watu kwa daktari, na vidole vyake vimeanza kufa ganzi. Kila asubuhi anakata siku moja kwenye kalenda ya jikoni huku akitabasamu. Roho inaniuma.

Kuna jambo hajui. Akiba tuliyoilenga tuliifikia tangu Septemba. Nilinyamaza. Ningemwambia, angeacha kazi siku ileile. Je, soko la hisa likianguka? Paa likiezuliwa? Mimi ni mkaguzi wa bima, mapaa yaliyoezuliwa ndiyo kazi yangu. Na hatari kubwa kuliko zote: kwao Renae watu hawafi. Bibi yake alifika mia na mbili! Fedha gani itamtosha mtu wa ukoo huo?

Jumatano, 8 Januari

Mkutano wa chama chetu cha kustaafu mapema, maktabani, kwa kuwa ukumbi ni wa bure. Mwanachama mwenzetu Dag Lindahl karudi kutoka Ureno, kaiva kwa jua, na kwa makusudi kavaa shati la mikono mifupi. Alistaafu akiwa na miaka thelathini na minane na hakuna asiyejua. Akaniita kaka, akanipiga bega, akauliza kama bado naamka kwa kengele kama mtoto wa shule. Eti yeye hata Jumatatu amesahau inafananaje. Mshenzi!

Kisha Renae akanyoosha mkono. Akauliza wafanyeje mke na mume waliofikia lengo, halafu mmoja akaogopa kuacha kazi. Biskuti ikanikwama kooni. Dag akasema mtu wa hivyo apelekwe makumbusho, watu wamlipie kiingilio. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nilicheka kuliko wote. Njiani nikamuuliza swali lile limetoka wapi. Akasema ananijua mumewe, anajiandaa mapema.

Jumamosi, 11 Januari

Chakula cha mchana kwa mama mkwe, Arlys, miaka sabini na tisa. Nilikwenda na lengo: nichunguze afya ya ukoo. Kama presha ipo, au sukari hata kidogo, hesabu zangu zinapumua na Renae anastaafu kwa wakati. Nikamuuliza kwa upole moyo wake unaendeleaje. Akajibu daktari kamwambia ana moyo wa msichana. Asubuhi alizoa theluji ya uani mwenyewe, na ya jirani pia! Nikakata tamaa kabisa. Nikampakulia viazi tena, nikaongeza siagi, nikaongeza tena. Arlys akasema, mwanangu Wendell, mbona leo una mkono mkubwa hivi? Renae aliniangalia hadi tukaondoka.

Hesabu mpya: ongeza miaka kumi na miwili ya kuishi. Tarehe inasogea. Sijui nitamwambiaje.

Jumanne, 14 Januari

Nimekwisha!

Siwezi kununua daftari wakati karatasi zina migongo mitupu. Kampuni inayotunza akiba yetu huniletea taarifa zilizochapishwa upande mmoja, nami nyuma yake naandika orodha ya vitu vya dukani. Ni ujanja niliousifia sana chamani. Leo nilimpa Renae orodha: vitunguu, mayai, sabuni. Alipofika kwenye vitunguu dukani akaigeuza. Ilikuwa taarifa ya Septemba.

Alirudi bila vitunguu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akaiweka karatasi mezani, akasema miezi minne amekwangua meno ya watu bure, vidole vikimfia, huku mimi nikimtazama akikata siku kwenye kalenda. Kesho anaaga kazini. Mimi nina hadi Ijumaa. Nisipoaga, anakwenda jangwani New Mexico, tulikopanga kustaafu, bila mimi.

Nikasema na soko la hisa je? Akasema, "Wendell, soko si mume wangu. Mume wangu ni wewe, na wewe ndiye uliyeanguka." Nampenda. Naandika hapa kwa sababu mdomo hautaki.

Ijumaa, 17 Januari

Niliingia kwa bosi na barua ya kuacha kazi. Nilikuwa nimeiandika vizuri, mistari mitatu. Bosi akaanza yeye: watakaobaki hadi Desemba watapewa bonasi nono. Mkono ukairudisha barua mfukoni. Sikuutuma! Nikamshukuru, nikauliza kuhusu Desemba ya mwaka unaofuata.

Jumapili, 19 Januari

Renae kaondoka. Na mama yake! Arlys ndiye aliyeshika usukani wa gari, kibanda cha kulala chenye magurudumu kikikokotwa nyuma, huku akipiga honi. Akafungua dirisha akaniambia nibaki na baridi yangu, na siagi pia niimalize mwenyewe. Renae alishuka. Alinikumbatia kwa muda mrefu kama mtu anayeaga maiti. Nilipoingia ndani nikalia, kilio cha kweli, nimekaa sakafuni na koti langu. Miaka tisa nilijinyima ili niwe naye mchana kutwa, na sasa siko naye hata jioni.

Jumatano, 22 Januari

Renae kapiga simu! Wako jangwani, jua linawaka, ganzi imeanza kumtoka vidoleni. Arlys kapanda kilima kabla ya kifungua kinywa. Akasema nafasi yangu ipo, anauliza mara moja tu, hatauliza tena: nakuja au siji? Sauti yake ilikuwa ya msichana niliyemwoa. Nikalia kwa furaha. Nikasema nakuja, mke wangu, nakuja!

Lakini moyo ukashtuka. Sauti nzima vile, jua, usingizi, mawazo hana. Huyo sasa atafika mia na kumi. Nani atamlisha? Kwa mapenzi hayohayo nikamwambia nitafika Januari, bila kukosa. Kisha akauliza, ya mwaka gani?

Simu ikakatika. Niliikata mimi.