Saa Isiyotaka Kulala Peke Yake

Jumamosi, 10 Machi 1979

Nimenunua saa! Saa ya mkono. Ya zamani. Mimi Scholastika, mama yake Audax, niliyeishia darasa la nne lakini kwa akili.

Kwaresima hii nimeacha majivuno, kwa hiyo sitaandika kwamba Runazi nzima hakuna mwanamke mwenye saa kama yangu. Clotilda, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, anayo, ndiyo. Mpya, inang'aa kama sufuria. Kanisani hupandisha mkono wa gauni wakati wa mahubiri, utadhani anampimia padre muda. Lakini saa mpya hata mjinga ataichagua. Ya zamani yataka jicho.

Mwuzaji ni Shibuda, yule anayezunguka magulioni na kopo lake la saa. Aliniamkia shikamoo mama, nikaitika marahaba, nikaanza ukaguzi. Nikainusa. Nikaing'ata. Nikaisikiliza mpaka watu wakajaa. Haitiwi ufunguo, inajiendea yenyewe. Inanuka udongo kidogo. Shibuda asema huo ndio ukale. Nilipomuuliza ilikuwa ya nani, akaanza kumkagua meno beberu wangu. Tukabadilishana, beberu kwa saa. Aliniwekea ndani ya jani la mgomba, hakutaka kugusana nami mkono, akajipangusa kwenye nyasi. Akasema, mama, ukiivua isilale peke yake.

Masikini. Ilimuuma kuachana nayo!

Saa ni ya mwanangu Audax, aliyekwenda na mgambo vitani Uganda. Akirudi aikute. Mtoto yule ni mrefu kuliko mlango.

Jumapili, 11 Machi

Nimeivaa kanisani. Clotilda akaishika, akaiachia upesi kama kaa la moto. Akasema, Mama Audax, hii ni saa ya maiti. Nikamjibu, na hiyo yako ni ya dukani, haina hata ukoo. Benchi zima likacheka. (Majivuno, mara moja. Nitatubu.)

Baada ya chakula niliivua nikaiweka juu ya picha ya Audax, ile aliyopiga Biharamulo kabla ya kuondoka. Nilitaka wazoeane.

Jumatatu, 12 Machi

Imesimama. Pale pale, juu ya uso wake.

Na jana redio ya balozi ilisema mapigano ni makali! Niliinyakua, nikaitikisa, nikaivaa, nikatembea nayo nikisali mpaka mwisho wa migomba. Ikaanza. Tik, tik. Nikakaa nimenye ndizi. Ikalegea. Nikainuka, ikaenda. Nikakaa tena kuijaribu. Ikalegea.

Basi nimeelewa, sihitaji kufafanuliwa. Ikienda, Audax anakwenda. Ikisimama, sitaandika. Siivui tena. Sikai tena.

Alhamisi, 15 Machi

Usingizi sina. Nasinzia nikitwanga. Kwenye shamba la kijiji waliniona natikisa mkono, wakauliza kama nimeshikwa na degedege, ukubwa wote huu! Nikasema ni mazoezi ya mgambo.

Leo hila ikanijia. Nimemvalisha saa mbuzi wangu jike, mguu wa mbele. Mbuzi hatulii hata akiombwa. Nikalala usingizi wa askofu.

Nilipoamka, mbuzi hayupo. Alikuwa ndani ya maharage ya Clotilda! Nikamwona Clotilda mwenyewe anakuja, mkono mmoja kamba ya mbuzi, mkono wa pili saa, anaitikisa. Alisema aliiona inataka kusimama, na mkono wake ukaanza kuitikisa bila kumwuliza. Nikangoja matusi. Badala yake akauliza mbuzi wa watu anakwenda wapi na saa. Nilikuwa sijaamka sawasawa, uongo haukuja haraka. Nikamwambia kweli.

Hakucheka. Emilian, mwanawe, yuko kombania moja na Audax wangu. Akayatazama maharage yake yaliyoliwa kama si yake. Akasema taratibu, dada, nipe na mimi zamu.

Dada! Clotilda huyu huyu!

Jumatano, 21 Machi

Zamu zinakwenda vizuri. Akina mama wote wenye wana vitani wanaivaa, kila mmoja kwa ajili ya wake. Sharti langu ni moja: anayeivaa anapalilia kwangu, maana mkono unaolima hautulii. Mihogo yangu haijawahi kuwa safi hivi. Nani angewaza hayo ila mimi?

Jana kulikuwa na mkutano wa kijiji. Katibu akauliza nani anajitolea kulima heka ya ziada. Zamu ilikuwa ya Clotilda, mkono uko juu, anautikisa. Katibu akamsifu kwa moyo wa ujamaa, akamwandika! Na bado hakuushusha. Nilicheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Lakini kuna jambo. Mkanda unamkaa kila mtu sawasawa, mwembamba na mnene, na hakuna anayehamisha tundu. Na kila aliyeivaa asema mkono huwa mzito, kana kwamba mtu ameuegemea. Isipokuwa Deodata, mama yake Ndayisaba. Yeye asema kwake mkono ni mwepesi, hasikii kitu chochote. Tukamwambia ashukuru Mungu, mwanawe hana shida.

Tulimwambia wote kwa pamoja. Haraka haraka.

Jumatatu ya Pasaka, 16 Aprili

Wamerudi! Lori la wagonjwa na waliopewa likizo limesimama mbele ya ofisi ya kijiji. Audax wangu ameshuka! Malaria imemtafuna lakini urefu haijauweza. Emilian naye ameshuka, mguu una bandeji. Mimi na Clotilda tukakumbatiana tukilia, kisha tukakumbuka sisi ni akina nani, tukaachana.

Deodata alilizunguka lori. Akachungulia mpaka chini ya turubai. Emilian alivua kofia tu.

Nyumbani Audax alikula kidogo. Akaiona saa mkononi mwangu, akasogeza kigoda nyuma. Akasema huko porini, kila alipotaka kukaa apumzike, kitu kilimkamata kifundo cha mkono kikamwinua. Siku moja kiganja laini, siku nyingine kiganja chenye sugu. Kuna mahali wenzake walikaa kivulini, naye alivutwa akaenda zake akiwa analia kwa uchovu. Wale waliokaa... hakumaliza. Akakunja shati. Kwenye kifundo kuna alama ya mkanda, imebonyea mpaka matundu yanaonekana. Na maisha yake hajavaa saa!

Akaniuliza, mama, mlikuwa mnafanya nini? Nikamweleza yote, na kifua mbele. Nilidhani atanishukuru. Akaniomba kwa jina la Mungu nikaitupe chooni.

Nimekwenda nikatupa kifuniko cha kopo. Kilidumbukia kwa mlio mzuri kabisa. Kijana amelala sasa.

Jumamosi, 21 Aprili

Gulioni. Kwaresima imekwisha, naweza kuandika: mimi ni mkusanyaji! Mwenye saa moja ana saa tu. Mwenye mbili ana mkusanyiko.

Hii ya pili ni ya zamani zaidi, na mishale yake inakwenda kinyumenyume. Nilishtuka kidogo, nakiri. Shibuda akasema, mama, hizo ndizo adimu, wenye kujua huzitafuta mpaka wanazeeka. Kwa vile mimi ni mwenye kujua, nimempa mbuzi jike. Safari hii alifunga kwa majani mawili ya mgomba. Heshima imeongezeka! Audax sijamwambia, asije akapandwa na homa.

Njiani nikakutana na Deodata, amejifunga kanga nyeusi. Hajasema na mtu tangu lori. Akafunua jani, akaitazama mishale inavyorudi, muda mrefu. Hakuuliza bei. Akasema, dada, zamu ya kwanza nipe mimi.

Nimempa. Sina uchoyo, na mahindi yanataka palizi.

Hakuja kupalilia. Jioni nilimwona akipanda kutoka kisimani, hana ndoo wala jembe. Bega moja ameliinamisha, mkono wenye saa ameushusha pembeni, hatua anazipunguza, kama mtu anayemwongoza mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Alikuwa anaongea Kisubi chetu, maneno ya kubembelezea. Ananyamaza kidogo kama anayesikiliza, kisha anaitikia. Mbwa wa Clotilda wakampisha njia wote.

Kwa hiyo saa ni nzima! Jicho langu kwa vitu vya zamani halijakosea hata siku moja.