Mikorosho ya Bi Somoe na Kiuno Changu

Nimeaibika leo, na kabla hamjaanza kucheka naomba ijulikane kwamba nimeonewa.

Asubuhi hapa Rahaleo niliamka kiuno kimekaza. Nikajichua kwa ile dawa ya kichupa yenye harufu ya kufukuza nyuki (mke wangu alihamia sebuleni). Nikanawa mikono. Nilidhani yameisha.

Kisha safari ya Nanyamba, kuwaonyesha wakulima wa korosho kifaa chetu cha maabara. Unakamua jani, unadondosha tone kwenye kijikaratasi chenye waya, umeme kidogo unapita, namba inatokea. Mkorosho ukianza kuvamiwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye majani na maua, hutengeneza asidi fulani kabla ule unga haujaonekana, na kifaa kinaigundua. Leo kikundi cha wakulima kilikuwa kiamue kama kitatupatia miti ya majaribio msimu mzima. Wakikataa, kazi yangu ya miaka miwili inaishia kabatini.

Glavu niliziacha kwenye gari. (Bosi anasema tuzivae. Bosi hakai juani.)

Nikakamua jani la mti wa kwanza wa Bi Somoe, mwenyekiti wao. Namba ikapanda ajabu.

"Mama, mti huu unaumwa."

"Huu? Mbona machipukizi yake safi?"

"Macho yanachelewa, mama. Kifaa kinawahi." (Nilisema hivyo. Kwa sauti ya mtangazaji.)

Mti wa pili, unaumwa. Wa tano, unaumwa. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akauliza salfa ya kupulizia imebaki kiasi gani. Bi Somoe akaenda kuchuma jani la muhogo.

"Hebu pima na hili."

Namba ikapanda palepale. Muhogo nao una ugonjwa wa mikorosho! Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nililaumu joto.

"Sasa niachie nikamue mwenyewe," akasema.

Akakamua jani la mti uleule wa kwanza. Namba ikalala chini. Nikakamua mimi, ikaruka. Akakamua yeye, ikalala. Kisha akaushika mkono wangu, akaunusa mbele ya kikundi kizima.

"Baba, umejichua?"

Jamani, ile dawa ya kuchua ni ndugu wa damu wa asidi ninayoitafuta, na kunawa hakukuitoa vidoleni. Shamba lote lilikuwa zima. Nilikuwa nazunguka na kifaa cha maabara kupima kiuno changu.

Walivyocheka sitaeleza. Kinachonichoma ni kwamba wamekubali. Miti tumepewa, ila mkamuaji ni Bi Somoe, na kwenye muhtasari wa kikao wameandika: "Mtaalamu asimame hatua kumi kutoka kwenye mti." Mimi, niliyesomea haya mambo! Bosi ameshausoma. Amesema ongezeni ziwe ishirini.

Kiuno bado kinauma. Atakayenishauri nijichue, tutagombana.